Mwandishi wa mapishi aanzie sokoni, si jikoni

UGONJWA wa korona ulipothibitishwa nchini Tanzania kwa mara ya kwanza Machi 16, 2020, biashara nyingi zilitetereka. Shule na vyuo vilifungwa, hoteli zikakosa wageni, na kina mama lishe waliozoea kupikia wanafunzi na wafanyakazi wa maofisini wakabaki hawana wa kumpakulia.

Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo wakati huo ilipata watu wapya kila kukicha. Nayo ni kazi ya kuandika habari za chakula. Mwanafunzi aliyerudi nyumbani, mpishi wa hoteli aliyepewa likizo bila malipo, mama aliyefunga mgahawa wake kwa muda, wote walijikuta wana muda na wana la kusema kuhusu chakula. Wengine waliandika magazetini, wengine wakapeleka maelekezo yao redioni, wengine wakatumia mitandao ya kijamii.

Ndugu msomaji, najua wengi wenu mnaofuatilia kurasa hizi ni wakulima na wafanyabiashara wadogo. Unaweza kujiuliza, mambo ya waandishi wa mapishi yananihusu nini mimi ninayehangaika na bei ya mbolea na nauli ya mzigo?

Jibu langu ni kwamba yanakuhusu sana. Mwandishi wa chakula ni sehemu ya soko, kama alivyo dalali, mwenye lori na mwenye genge. Akiandika vizuri, zao lako linapata mnunuzi. Akiandika ovyo, wewe unaweza kupata hasara na mlaji akapata madhara. Korona ilituonyesha pande zote mbili.

Tuanze na tangawizi.

Mwaka 2020, na tena mwanzoni mwa mwaka 2021, tangawizi, malimao na vitunguu saumu vilitafutwa kama dhahabu. Bei zilipanda katika masoko ya mijini. Sehemu kubwa ya hamu hiyo ilitokana na maneno yaliyoandikwa na kusambazwa kuwa mchanganyiko wa vitu hivyo unakinga au unatibu korona.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka huo huo wa 2020 kuwa kitunguu saumu ni chakula chenye faida mwilini, lakini hakuna ushahidi kuwa kukila kulimkinga mtu na virusi vya korona. Lilisema pia kuwa kutia pilipili kwenye supu hakukingi wala hakutibu ugonjwa huo. Maelezo hayo hayakwenda kwa kasi ya uvumi.

Madhara kwa mgonjwa aliyechelewa kwenda hospitali yanaeleweka. Madhara kwa mkulima hayasemwi sana, ingawa hesabu yake ni nyepesi.

Tangawizi hukaa shambani miezi 8 hadi 10 ndipo ikomae. Mlimao, hata ule wa kubebesha, unahitaji kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Uvumi hudumu wiki chache. Kwa hiyo mkulima wa Same, Kigoma au Songea aliyeona bei imepaa, akakopa, akanunua mbegu na kuongeza eneo, alikuwa anapanda leo kwa bei ambayo mavuno yake yasingeikuta. Aliyenufaika ni yule aliyekuwa na mzigo tayari shambani au ghalani. Uvumi hwenda kwa wiki, shamba hwenda kwa miezi.

Sisemi kuwa tangawizi haina maana. Nasema kuwa makala iliyotakiwa kuandikwa ni nyingine. Ilitakiwa makala ya kumweleza mama wa mjini namna ya kuitumia tangawizi kwenye chai, kwenye mchuzi wa samaki, kwenye maandazi na kwenye juisi ya nanasi. Imweleze namna ya kuihifadhi isinyauke, na namna ya kuikata, kuikausha na kuisaga. Imweleze kuwa zinahitajika kilo tano hivi za tangawizi mbichi kupata kilo moja ya kavu, ili asishangae bei ya unga wake.

Makala kama hiyo inajenga mazoea ya kula. Mtu aliyezoea kutia tangawizi kwenye chakula chake ataendelea kuinunua hata hofu ikiisha. Mtu aliyeinunua kwa hofu ataiacha siku hofu inapoondoka. Mkulima anayetaka soko la kudumu anamhitaji mnunuzi wa aina ya kwanza.

Tuje kwenye mboga. Kwa mujibu wa takwimu za serikali, watalii wa kigeni walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Hoteli zilizofunga milango Zanzibar na Arusha ndizo zilizokuwa zikinunua brokoli, saladi, zukini na majani ya viungo kutoka kwa wakulima wa miinuko ya Arusha, Kilimanjaro na Lushoto.

Mboga hizo haziwezi kungoja. Na familia nyingi za Dar es Salaam au Moshi hazikuwa na mazoea ya kuzipika. Mtu hanunui kitu asichojua anakwenda kukifanya nini. Hapo ndipo mwandishi mmoja wa mapishi, mwenye lugha nyepesi na sufuria moja, angeweza kumsaidia mkulima kwa kueleza kuwa zukini hukatwa na kuungwa kwa nyanya na karanga kama tunavyounga maboga machanga, na kuwa brokoli haihitaji kuchemshwa mpaka ilainike kama uji.

Wenzetu walifanya hivyo kwa makusudi. Huko Ubelgiji, Aprili 2020, chama cha wafanyabiashara wa viazi kiitwacho Belgapom kilitangaza kuwa tani zipatazo 750,000 za viazi ziko hatarini kukosa soko kwa kuwa migahawa imefungwa na mauzo ya nje yamekwama. Chama hicho kiliwaomba wananchi wale chipsi mara mbili kwa wiki. Ombi hilo liliandikwa na magazeti ya dunia nzima. Tatizo la ghala la mkulima liligeuzwa kuwa habari ya mezani, ambayo kila mtu anaielewa.

Uingereza nako kuna fundisho, hasa kwa wasagaji na wafungashaji wadogo. Machi na Aprili 2020 rafu za unga wa ngano madukani zilikuwa tupu. Watu walikuwa wamefungiwa nyumbani na kila mmoja alitaka kuoka mkate, wakichochewa na waandishi wa mapishi. Viwanda vilikuwa na unga. Kilichopungua ni uwezo wa kuufungasha katika mifuko midogo, kwa sababu kwa kawaida ni kama asilimia nne tu ya unga wa nchi hiyo ndiyo huuzwa madukani kwa walaji, na uliobaki hwenda kwa waokaji na viwanda kwa magari ya tangi na mifuko mikubwa.

Fundisho ni lipi? Maandishi ya chakula yanaweza kuhamisha mahitaji ya nchi kutoka mlango mmoja hadi mwingine kwa wiki chache. Mfanyabiashara mwenye vifungashio vya kilo moja na kilo mbili alikuwa na nafasi ambayo mwenye magunia hakuwa nayo. Anayesoma watu wanapika nini huona mapema mlango unaofunguka.

Sasa niseme na wale walioanza kazi hii wakati wa korona, na wanaotaka kuianza leo.

Zamani ilidhaniwa kuwa mwandishi wa chakula ni mtu wa kuzunguka hotelini, kuonja na kutoa sifa. Korona iliivuruga dhana hiyo. Katika miji kama New York na London, migahawa ilifungwa na waandishi waliokuwa wakiipima hawakuwa na cha kupima. Waliotafutwa ni wale walioweza kumsaidia mtu mwenye maharage makavu kabatini na asiyejua aanzie wapi. Mwandishi wa mapishi wa Marekani, Samin Nosrat, pamoja na Hrishikesh Hirway, walianzisha Machi 2020 kipindi cha kusikiliza kiitwacho Home Cooking, wakijibu maswali ya wapishi wa nyumbani. Walianza na maharage.

Mwandishi wetu anayeanza ana bahati kuliko hao, kwa sababu soko liko mlangoni kwake. Kwa maoni yangu, asiingie jikoni kabla hajapita sokoni, na asipite sokoni bila kalamu.

Jambo la kwanza ni vipimo. Maelekezo mengi ya mapishi yanasema "chukua fungu moja la nyanya". Fungu gani? Tuseme fungu linauzwa Sh1,000. Wakati nyanya zimejaa litakuwa na nyanya nane, na wakati zimeadimika litakuwa na nne, kwa bei ileile. Mpishi anayefuata fungu ataharibu mchuzi, na mwenye mgahawa anayefuata fungu ataharibu mtaji. Mwandishi anunue mzani mdogo, apime fungu, aandike gramu.

Wakulima mnajua uchungu wa vipimo vya kukadiria. Lumbesa imepigwa marufuku lakini bado gunia linafungwa kwa kilemba. Mlaji aliyezoeshwa na mwandishi kudai kilo sokoni atawasaidia wote walioko nyuma yake katika mnyororo, mpaka shambani.

Jambo la pili ni msimu. Hakuna maana kuandika pishi la embe mwezi ambao embe moja inauzwa bei ya kuku wa kienyeji. Mwandishi awe na daftari. Kila wiki, siku ileile, soko lilelile, aulize wachuuzi watatu bei ya bidhaa kumi. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kitu ambacho hata dalali wake hana kwa maandishi, na wahariri watamtafuta wenyewe.

Jambo la tatu ni gharama kamili. Pishi la maharage linaloandikwa kuwa ni chakula cha bei nafuu linaweza kula mkaa kuliko bei ya maharage yenyewe. Mwandishi aeleze kuwa maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka, na atofautishe maharage mapya na yaliyokaa ghalani misimu miwili, ambayo huwa sugu. Ataje na aina, kwa sababu mkulima aliyelima maharage ya njano na aliyelima soya Njombe hawauzi bidhaa moja. Mlaji akijua jina la zao na mahali linapotoka, mkulima wa huko ana sababu ya kulinda ubora.

Jambo la nne ni kuonja pamoja na wengine. Korona ilinyang'anya watu wengi uwezo wa kunusa na kuonja, wengine kwa siku chache na wengine kwa miezi. Kwa mwandishi wa chakula huo ni sawa na fundi kupoteza vidole. Apike pishi mara tatu, na watu wengine waonje, kisha ndipo aandike.

Jambo la tano, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni usalama. Hapa makosa ya mwandishi yanaua.

Machi 5, 2021, korona ikiwa bado inasumbua, Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, likiwamo la mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu si hadithi ya kubuniwa kutubania soko. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka zenye sumu hiyo.

Kupika ugali vizuri hakuondoi sumukuvu, kwa kuwa moto wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo mwandishi anayeeleza namna ya kusonga ugali laini bila kusema neno juu ya mahindi yenyewe ameandika nusu ya habari. Aeleze kuchambua na kutupa punje zilizoota ukungu na zilizovunjika. Aeleze kuanika juu ya turubai na si chini kwenye udongo, na kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Aeleze hata kile kipimo cha chumvi ambacho mkulima yeyote anaweza kukifanya. Weka mahindi kwenye chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo, funika, tikisa, kisha iache kwa dakika kumi hivi. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi na hayafai kuingia ghalani.

Muhogo nao ni hivyo hivyo. Katika miezi ya shida watu hurudi kwenye muhogo, na ni jambo zuri kwa kuwa ni zao linalovumilia ukame. Lakini muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao umewahi kuripotiwa katika mikoa ya Mara, Mtwara na Ruvuma. Mwandishi asiyejua tofauti ya muhogo mtamu na mchungu asiandike pishi la muhogo mpaka amuulize bibi anayeulima.

Sasa kuna suala la bahasha. Wakati wa korona walijitokeza wauzaji wa kila aina ya unga na juisi wakidai bidhaa zao zinaongeza kinga. Mwandishi mchanga asiye na mshahara akipewa katoni mbili za bidhaa na nauli, ni rahisi kuandika anachoambiwa. Msimamo wangu ni kwamba aliyelipwa na muuzaji aseme amelipwa. Na chakula kikishadaiwa kuwa dawa, mwandishi wa mapishi akae kando awaachie wataalamu wa afya.

Wahariri nao wana lawama yao. Huwezi kumtaka kijana aende Mabibo au Tandale alfajiri, anunue vitu, apike mara tatu, apige picha, halafu umlipe ahsante. Chakula ni habari ya biashara kama zilivyo habari za benki na madini. Gazeti linalotaka makala yenye bei, vipimo na msimu lilipie gharama ya kuvipata, na makala isiyo na mambo hayo irudishwe kwa mwandishi.

Na sisi wakulima na wafanyabiashara tusikae tukilalamika kuwa hatuandikwi. Mwandishi akifika shambani, mwambie ukweli kuhusu dawa ulizopiga na siku ulizongoja kabla ya kuvuna. Mwambie bei ya shambani na bei ya sokoni, ili mlaji aone nani anabaki na nini. Mwenye genge, usimfukuze kijana mwenye daftari ukidhani ni mtu wa ushuru. Vikundi na ushirika wa mazao vinaweza kuchagua mwanachama mmoja, hasa kijana aliyemaliza sekondari, akawa mwandishi wa zao lao, akapeleka taarifa kwa magazeti na redio kila msimu unapokaribia.

Wapo watakaosema korona imekwisha, mjadala huu ni wa nini. Ni kweli WHO ilitangaza Mei 5, 2023 kuwa korona si tena dharura ya afya ya dunia. Lakini kabla ya hapo, Februari 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilianza na bei ya ngano duniani ikapaa, na sisi huagiza sehemu kubwa ya ngano yetu kutoka nje. Muuza maandazi na muuza chapati waliumia.

Hapo napo ilihitajika makala ya mtu anayejua kupunguza sehemu ya unga wa ngano kwenye maandazi kwa kutia rojo la viazi lishe, na anayeweza kueleza ni gramu ngapi kwa kilo, yanakaa siku ngapi bila kuharibika, na faida inabaki kiasi gani. Mkulima wa viazi lishe angepata soko na muuza maandazi angeokoa mtaji. Misukosuko ya aina hiyo itakuja tena, iwe ya ugonjwa, ukame au vita vya mbali.

Kijana aliyeanza kuandika mapishi mwaka 2020 kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, leo ana uzoefu wa miaka kadhaa. Asiuache. Anunue mzani na daftari, aamke mapema aende sokoni, na akitoka huko apande gari aende shambani kuona zao linavyotoka ardhini. Akifanya hivyo atakuwa na cha kuandika mwaka mzima, na mkulima atakuwa na mtu wa kumsemea kwa mlaji siku mnunuzi wake wa kawaida atakapofunga mlango.